Bunduki ya marehemu ilivyomfunga mdomo Hezroni wa Bendera

Saa sita mchana. Jua la Bendera limesimama wima juu ya mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele, na mtu aliyeketi juu ya dungu la miti, futi nane kutoka ardhini, ameacha hata kujipepea. Miguuni ana debe tupu la mafuta ya kula. Kwenye kiganja cha mkono wa kulia amezungusha kombeo la katani. Macho ameyakaza kwenye kichaka kilicho ng'ambo ya mfereji.

"Hao," anasema kwa sauti ya chini.

Nyani wanatoka mmoja mmoja, bila haraka, kama waumini waliochelewa ibada. Dume lao kubwa linapanda juu ya kichuguu, linakaa, linamtazama. Hezroni Mgonja, mwenye umri wa miaka 64, anaanza kupiga debe. Ndege wanaruka. Majike mawili yanarudi nyuma. Dume halitikisiki.

"Linanifahamu hili," anasema. "Linajua mkononi sina kitu."

Anateremka ngazi kwa kushikilia goti. Inamchukua karibu nusu saa ya kupiga mluzi, kukimbia mbio fupi fupi na kurusha mawe kwa kombeo kabla kundi halijahamia shamba la jirani. Mistari miwili ya mahindi imelazwa chini. Hezroni anarudi penye kivuli cha dungu akihema, anafungua kidumu cha maji na kujimwagia utosini.

Hii ni kazi yake ya mwaka wa thelathini na tatu. Katika kijiji hiki cha tambarare, wilayani Same, mashamba yamekaa katikati: juu kuna miteremko ya milima ya Upare wanakoshuka nyani, na upande wa pili kuna pori wanakotoka nyati na tembo. Wakulima wa vitongoji vitatu humlipa Hezroni kwa mavuno, debe moja la mahindi kwa kila ekari aliyoilinda. Zamani msimu mzuri ulimpa madebe arobaini na zaidi. Mwaka jana alipata kumi na moja.

"Siwalaumu," anasema. "Nani amlipe mtu wa kupiga debe? Hata yeye anaweza kupiga la kwake."

Miaka ya madebe arobaini ilikuwa miaka ya bunduki.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya baba yake, marehemu Sadock Mgonja, aliyeshuka kutoka vijiji vya juu vya Mamba kuja kulima Bendera katika miaka ya sabini. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama: bunduki ya marisau, ile ya kumwaga vijigololi vidogo, mitutu miwili, kitako cha mti mweusi chenye ufa uliozibwa kwa gundi. Aliiombea leseni, akaipata, na kitabu cha leseni akakiweka ndani ya sanduku moja na Biblia na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Hezroni anakumbuka jinsi mzee alivyoisafisha kila Jumamosi jioni, wakati mama akipiga pasi nguo za Jumapili. Anakumbuka masharti pia. Hairuhusiwi kuielekeza kwa mtu hata ikiwa tupu. Hairuhusiwi kutiwa risasi ndani ya nyumba. Haiazimwi. Kila risasi iliyofyatuliwa iliandikwa kwenye daftari, na mbele yake sababu.

"Nyani. Nguruwe. Nyani. Hewani, tembo. Ukisoma lile daftari unaisoma Bendera yote," anasema na kutabasamu kidogo.

Mzee Sadock alipoanza kutetemeka mikono, kazi ya ulinzi ilimwangukia mwanawe. Na alipofariki mwaka 2009, Hezroni aliendelea kama kwamba hakuna kilichobadilika. Ndipo kosa lilipoanzia, na yeye mwenyewe ndiye anayelitaja, bila kuulizwa.

Sheria ilimtaka mrithi aitolee taarifa silaha ya marehemu, aende mahakamani kwa ajili ya mirathi, kisha aombe leseni kwa jina lake. Hezroni aliulizia mara moja, akaambiwa hatua zilivyo, akaona mlima. Ulikuwa msimu wa kupalilia. Alijisemea ataanza baada ya mavuno. Baada ya mavuno mkewe, Agatha, akalazwa kwa miezi miwili. Mwaka ukaisha, na ada ya leseni ikatakiwa kulipwa.

Basi alikichukua kitabu cha leseni akapanda gari kwenda mjini. Kwenye kaunta ya kulipia ada, karani aliuliza bila kuinua kichwa, "Sadock Mgonja?"

"Nikasema, ndiye," Hezroni anasimulia. "Neno moja tu. Nikalipa, nikagongewa muhuri, nikaondoka. Jasho lilikuwa limenilowesha mgongo mzima."

Mwaka uliofuata alisema tena. Na mwaka uliofuata. Mara tisa.

"Kila mwaka nilikuwa baba yangu kwa dakika tano," anasema. "Ukifanya jambo mara ya kwanza unaogopa. Mara ya tano unaanza kuona ndivyo lilivyo."

Miaka sita iliyopita, siku ya gulio, gari la matangazo lilipita taratibu barabarani. Kila mmiliki wa silaha aende nayo polisi mjini ikahakikiwe, pamoja na kitabu cha leseni na kitambulisho chake. Watakaokaidi watachukuliwa hatua. Hezroni alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi viatu. Anasema alisikia neno "kitambulisho" likimpita kama ubaridi.

Jioni hiyo wazee wawili walimfuata nyumbani. Ushauri wao ulikuwa mmoja: asiende. Aichimbie. Wakija, aseme iliuzwa zamani na marehemu. Walipoondoka, Agatha, aliyekuwa akichambua maharage wakati wote huo, alizungumza bila kumtazama.

"Baba Victoria, unaipeleka."

"Wakinifunga je?"

"Nitakuletea chakula. Lakini sitalala juu ya bunduki iliyochimbiwa kama maiti ya kuiba. Unaipeleka."

Aliipeleka. Askari aliyekuwa akihakiki, kijana mpole kwa maelezo yake, alimwamkia shikamoo, akafungua kitabu, akaangalia mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa mle, kisha akamwangalia yeye.

"Mzee, hapa unasomeka una miaka themanini na minane."

Hezroni anasema angeweza kusema wameandika vibaya. Badala yake aliomba kukaa, akasema yote: baba alikufa lini, amelipa mara ngapi kwa jina lake, kwa nini. Kijana alikifunga kitabu. Kisha akamwambia kwamba kwa maneno hayo angeweza kumweka ndani sasa hivi, lakini kwa kuwa ameileta mwenyewe na kusema mwenyewe, atamsaidia. Bunduki itabaki hapo. Atapewa hati ya mapokezi. Aende mahakamani akateuliwe msimamizi wa mirathi, alete barua ya kijiji, ya kata, ajaze fomu, apimwe afya, apate mafunzo ya utunzaji wa silaha, ombi lipite kwenye kamati. Akikamilisha, atarudishiwa kwa jina lake.

"Alinitendea haki kuliko nilivyostahili," Hezroni anasema. "Sasa sikia nilivyomlipa."

Aliporudi Bendera, watu walikuwa wanamsubiri kituo cha gari. Wakaona mikono mitupu. Mmoja akauliza, "Iko wapi?"

"Wamenichukulia," akajibu.

Hakusema kwa nini. Wengine ndio waliomalizia sentensi, kila mmoja kwa namna yake, na kabla ya wiki kuisha habari ilikuwa imepanda milima: Hezroni, mtu mwaminifu, kaenda kuhakiki bunduki ya leseni, kanyang'anywa.

Rodrick Mshana, mkulima wa tangawizi mwenye umri wa miaka 47, aliisikia habari hiyo akiwa Mamba, umbali wa saa kadhaa za kupanda. Yeye ana bunduki yenye leseni halali kwa jina lake. Anasema siku hiyo alifanya uamuzi anaouonea haya sasa.

"Nilisema kama Mzee Hezroni kanyang'anywa, mimi ni nani? Nikaifunga kwenye turubai, nikaiweka darini. Uhakiki ukapita. Nilikuwa mtu halali, nikajifanya mhalifu kwa hofu," anasema.

Malalamiko ya Rodrick hayakuishia kwenye hofu hiyo, na wamiliki wengine wa milimani wanaozungumza nasi wanayarudia. Uhakiki unamtaka mtu wa juu ashuke, alale mjini, apoteze siku mbili za shamba. Akiambiwa karatasi moja imepungua, zinakuwa nne. Ombi la kununua risasi likichelewa, nguruwe hawalingojei.

"Sisi wenye vitabu ndio tunaoitwa kila mara, kwa sababu tunajulikana tulipo," anasema Rodrick. "Mwenye gobore la kificho nani anamwita? Analala na nguruwe wake wa kuchoma. Serikali ituone kama wenzake, isituone kama washukiwa."

Ofisa mmoja anayeshughulikia leseni, ambaye hakutaka kutajwa kwa kuwa si msemaji, anakiri kwamba njia ni ndefu. Lakini anasema kila silaha ambayo mmiliki wake alikufa bila taarifa kutolewa ni silaha isiyo na mwenyewe. "Ikiibwa, tutamuuliza nani? Kaburi?" anasema.

Hezroni alianza safari za makaratasi. Alifika mahakamani, akaambiwa alete kikao cha ukoo, na ndugu wawili walikuwa mbali. Safari ya tatu hakimu alikuwa likizo. Safari ya tano alisahau picha. Hasira ilimsaidia, anasema, kwa sababu mtu mwenye hasira hana nafasi ya kujiuliza. Akaacha. Akajichongea dungu jipya, akatafuta debe.

Msimu wa kwanza bila bunduki, nyani walimaliza karibu nusu ya mahindi ya kitongoji cha juu. Wa pili, wakulima watatu waliacha kabisa kulima kando ya mfereji. Mmoja aliyebaki alikuwa jirani yake, Kassimu Mvungi.

Kassimu alikuwa mchapakazi mwenye maneno mengi, mwenye ekari mbili za mpunga na duka dogo la chumvi na sabuni. Yeye na Hezroni walikuwa wamejenga nyumba zao mwaka mmoja, wakaazimana hadi misumari. Siku za Idi, Hezroni na Agatha walikula kwa Kassimu. Krismasi, Kassimu na mkewe Saada walikula kwao.

Asubuhi moja ya masika, kama saa moja hivi, umande ungali kwenye majani, Kassimu alikuja mbio mpaka uani kwa Hezroni.

"Baba Victoria! Nyati kalala kwenye mpunga wangu. Peke yake. Twende!"

"Tumpigie askari wa wanyamapori."

"Nimeshampigia simu mwenyekiti, anawatafuta. Watatoka mbali. Mpunga unakanyagwa sasa hivi. Twende tumsukume tu arudi alikotoka."

Nyati wa peke yake si mnyama wa kusukumwa, na Hezroni alijua. Anasema alisimama pale uani, akaangalia kona ya chumba ambako bunduki ilikuwa ikisimama zamani, kama mtu anayepapasa jino lililong'olewa. Kisha akachukua debe.

Walipofika kwenye tuta la mfereji, mnyama alikuwa amesimama. Hezroni alipiga debe. Nyati aligeuza kichwa. Alipiga tena, kwa nguvu zaidi, na Kassimu akapiga kelele, akasogea hatua chache mbele ili naye aonekane.

"Mlio wa debe una tabu moja," Hezroni anasema polepole. "Unamwambia mnyama ulipo, lakini haumpi sababu ya kukuogopa."

Nyati hakumjia mpiga debe. Alimjia aliyekuwa mbele. Yote yalikwisha kabla Hezroni hajamaliza kuteremka tuta. Askari wa wanyamapori walifika baada ya saa mbili wakamuua mnyama. Kassimu alikata roho ndani ya gari, kabla hajafikishwa hospitalini, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Hezroni.

Alizikwa jioni ile ile. Baada ya maziko wanaume walikaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya marehemu, na mazungumzo yakaelekea pale yalipokuwa lazima yaelekee. Kwamba wangemwachia Hezroni bunduki yake, Kassimu angekuwa hai. Kwamba wakubwa wanawanyang'anya wakulima na kuwaachia wanyama. Mmoja alisema kwa sauti, akimwonyesha Hezroni kwa mkono: "Huyu hapa shahidi. Leseni alikuwa nayo. Kosa lake nini?"

Watu wote wakamtazama.

"Niliangalia mkeka," anasema Hezroni. "Mkeka ulikuwa na mistari ya zambarau na kijani. Niliiangalia ile mistari mpaka wakaanza kuzungumza mambo mengine."

Agatha anasema kwa wiki kadhaa mumewe hakula chakula cha jioni. Alikuwa akienda mpaka kwenye kizingiti cha Saada, anasimama, anauliza kama kuna kuni, anarudi. Siku moja alimwambia mkewe atamalizia karatasi zote, iwe isiwe.

Safari hii hakuacha. Kikao cha ukoo kilikaa. Mahakama ikamteua msimamizi wa mirathi. Ikabaki barua ya kijiji, na hiyo ilihitaji ombi lisomwe mbele ya mkutano wa wanakijiji, ili mwenye pingamizi aseme.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, miezi mitatu baada ya msiba. Mtendaji wa kijiji, Maua Kimbe, alisoma ombi kwa sauti: Hezroni Mgonja anaomba kumiliki bunduki aina fulani, kwa ajili ya kulinda mashamba. Hajamaliza sentensi, watu wakaanza kupiga makofi. "Apewe! Irudishwe! Ni yake!"

Hezroni alisimama. Maua anasema alidhani mzee anataka kushukuru.

"Si yangu," Hezroni aliwaambia. "Haijawahi kuwa yangu. Ilikuwa ya baba. Miaka kumi tangu afe sikuiandikisha kwa jina langu. Nilikuwa nakwenda kaunta nikiitwa Sadock, naitika. Hawakuninyang'anya. Wao niliwaambia ukweli, nikashindwa kuwaambia ninyi. Ningefanya zile karatasi mwaka aliokufa baba, asubuhi ile ningekuwa nayo mkononi."

Kijana mmoja akacheka, akanyamazishwa. Kisha, upande walioketi wanawake, Saada alisimama. Alikuwa bado amevaa nguo za eda, amekuja kwa ruhusa ya mashehe kwa kuwa shauri lilimhusu.

"Shemeji, nikuulize. Ungekuwa nayo siku ile, Kassimu angekuwa hai?"

"Sijui, Saada. Ile ni ya marisau, isingemuua nyati. Labda mlio ungemgeuza. Labda usingemgeuza. Kwa kweli sijui."

"Miezi mitatu nawalaumu watu nisiowajua hata sura," Saada alisema. "Leo umenipa mtu wa kumlaumu, na ni mtu anayekula kwangu."

Akakaa.

Maua hakujua aendeleeje. Mwishowe alifanya linalotakiwa na utaratibu: wanaounga mkono ombi wanyooshe mikono. Mikono ilipanda michache, kwa kusitasita, watu wakiangaliana. Halafu Saada akanyoosha wa kwake. Baada yake wakanyoosha wengi.

Hezroni anasema mpaka leo hajamuuliza kwa nini. Sisi tulimuuliza, tukimkuta dukani kwake, akipima sukari.

"Nilinyoosha kwa sababu nyati bado wako pale," alisema Saada. "Hasira yangu na yeye ni jambo jingine. Hiyo naimaliza mwenyewe, kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza sikumsalimia. Wa pili nilimpelekea pilau. Lakini sijamwambia yameisha, kwa sababu hayajaisha."

Barua ya kijiji ilikwenda kata, ikaenda wilaya. Ikakaa. Hezroni alishuka na kupanda, kwa hesabu yake safari kumi na nne kwa jumla, tangu ya kwanza. Karibu miaka miwili baada ya mkutano, simu ilipigwa: ombi limekubaliwa, imebaki cheti cha afya.

Alikwenda hospitalini akiwa amevaa shati la harusi ya bintiye. Daktari alimpima moyo, akampima miguu, akamwambia afunike jicho la kushoto asome herufi ukutani.

"Ukuta niliuona," anasema. "Herufi sikuziona."

Ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imekula jicho la kulia kwa miaka bila maumivu. Jicho la kulengea. Daktari alimwandikia dawa za kuokoa lililobaki, na kwenye cheti akaandika kilicho kweli. Hezroni hakumbembeleza.

Ilibaki njia moja. Bunduki ingeweza kuombewa na mtu mwingine wa familia. Mwanawe pekee ni Victoria, mwenye umri wa miaka 36, anayeuza vitenge mjini Mwanga. Alimpigia simu. Victoria alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, nisamehe," alisema. "Utoto wangu wote nimelala chumba kinachopakana na kile chuma. Nilikuwa nasikia ukihesabu risasi, nahesabu na mimi mpaka zitimie ndipo napata usingizi. Siwezi kukiingiza kwenye nyumba yangu."

"Sikuwahi kujua," Hezroni anasema. Anarudia, akitazama mfereji. "Miaka yote ile. Sikuwahi kujua."

Mwezi uliofuata alikwenda kusaini hati ya kuisalimisha moja kwa moja. Yule askari mpole alikuwa amehamishwa, akamkuta mwingine. Waliitoa stoo ili namba ilinganishwe. Hezroni alitegemea kutu, na hakuipata. Kuna mtu alikuwa akiipaka mafuta.

Alisaini jina lake, akapewa nakala, akatoka nje. Alikaa kwenye ukuta wa maua mpaka gari la Bendera lilipojaza abiria, na hata hapo kondakta alilazimika kumwita mara mbili.

Anasema majuto yake hayapo kwenye bunduki tena. Yapo kwenye zile siku kati ya kituo cha gari na uwanja wa shule. Watu walifuata mfano wake bila kujua ni mfano wa nini. Rodrick hakuwa peke yake. Hezroni alipoanza kuulizia, alipata kusikia majina kumi na moja, Bendera mpaka Mamba: wajane wenye bunduki za waume zao nyuma ya kabati, wadogo wenye za kaka zao, mmoja aliyeichimbia kwenye banda la mbuzi mpaka mti wa kitako ukaoza.

Sasa kila mara mashamba yanapopumzika, baada ya mavuno, Hezroni hupanda milimani na kuwafuata mmoja mmoja. Hachukui posho kwa mtu. Huwasimulia kisa chake chote, na la kaunta huanza nalo. Kisha hujitolea kushuka nao, kwa sababu anajua mlango gani, karatasi gani na siku gani hakimu hayupo. Ombi lake kwa serikali ni fupi: siku moja kwa mwaka, maofisa wapande wao, na mezani wawe na mtu wa mahakama, ili mjane asishuke mara kumi na nne.

Mpaka sasa wanne wamekubali. Wa kwanza alikuwa Rodrick. Alitozwa faini, akahakikiwa, akarudi na bunduki yake.

Wiki iliyopita, asubuhi ya ukungu, Hezroni alikuwa kwa Eliezeri Senkoro, mkulima wa tangawizi mwenye miaka 71. Walikuwa wamekunywa chai vikombe viwili, wakazungumza bei ya tangawizi, mvua na wagonjwa wa usharika. Kisha Hezroni akasimulia. Eliezeri alisikiliza, akainuka, akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kitabu kidogo cha leseni, kurasa zake zimeshikana kwa unyevu.

"Ni cha kaka yangu," alisema. "Alifariki mwaka tisini na nane."

"Bunduki ipo?"

"Ipo."

Eliezeri alikigeuza kile kitabu mkononi, mbele na nyuma, kama kwamba kulikuwa na upande ambao hajausoma.

"Na wakiichukua, Hezroni?"

"Huenda wakaichukua. Sitakudanganya," Hezroni alisema. "Lakini utakaporudi, watu wakikuuliza iko wapi, utakuwa na la kuwajibu."

Mzee alitazama mashamba yake, ambako nguruwe walikuwa wamefukua mistari mitatu usiku ule. Akauliza gari la kwanza kushuka linaondoka saa ngapi.

"Saa kumi na moja alfajiri," Hezroni alimwambia. "Jumatatu. Nitakuja kulala huku Jumapili, ili tutoke pamoja."